Je, mbolea ya dukani ndiyo imeua shamba langu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninalima mahindi ekari mbili mkoani Njombe. Miaka yote napandia DAP na kukuzia urea, mfuko mmoja mmoja kwa ekari. Zamani nilivuna magunia ishirini kwa ekari. Misimu hii miwili hata kumi sifikishi, na mbolea ni ileile. Mahindi yakiwa machanga majani yanakuwa zambarau. Baba mkwe anasema mbolea za viwandani zimeua ardhi, nirudi kwenye samadi. Bwana shamba alipita mara moja akaniambia niongeze mfuko. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mzee ameona kitu cha kweli, ila dawa aliyokupa haitoshi. Bwana shamba amekupa ushauri ambao, kwa dalili ulizoeleza, unaweza kukumalizia hela bure.

Nitrojeni ya urea na DAP ikishageuzwa na vijidudu vya udongoni, huacha asidi. Mvua zenu nazo, ambazo si haba, zinaosha kalsiamu na magnesi kwenda chini. Ukivuna na kuwapa ng'ombe mabua, sehemu nyingine inaondoka. Katika mifuko yako miwili hakuna kinachorudisha madini hayo, kwa hiyo mwaka hadi mwaka pH, yaani kipimo cha asidi, inashuka; ikishuka, asidi imezidi. Ikipita chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia kwenye udongo inayeyuka na kuanza kudhuru ncha za mizizi. Wakati huohuo inaishika fosforasi, mmea usiipate. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi ya mbolea. Umezilipia, ziko shambani kwako, na mahindi yanaonesha zambarau kwa kuzikosa. Ukiongeza mfuko wa pili, sehemu kubwa nayo itashikwa.

Baridi ya Njombe pia huleta zambarau, lakini hiyo hupotea joto likirudi. Kuhakikisha, chimbua mche mmoja wa wiki tatu au nne kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, kisha uoshe mizizi kwenye ndoo. Mizizi ikiwa mifupi, minene, imevimba nchani na haina vinyweleo, asidi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikiwa mirefu na myeupe, tatizo liko kwingine, tusikimbilie chokaa.

Maana dawa ya asidi ni chokaa ya kilimo. Nasema ya kilimo, si ile ya kupaka ukuta, ambayo ni kali na huunguza. Nyanda za Juu Kusini tuna bahati, mawe ya chokaa yapo eneo la Songwe. Ukipata ya dolomaiti ni bora zaidi, kwa kuwa inaleta na magnesi. Imwage shamba zima, ichanganye na udongo kwa jembe angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda, miwili au mitatu ni vizuri zaidi. Usiichanganye na urea kwenye ndoo moja; nitrojeni itapaa hewani, na harufu yake utaisikia.

Kiasi gani? Hapo sikutajii mifuko, na mtu yeyote akikutajia kabla ya kupima udongo, muulize ameipata wapi hesabu hiyo. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki na vipima udongo kwa maafisa ugani, basi nenda kwa afisa kilimo wa halmashauri uulize kipimo kiko kata gani. Ni haki yako, si hisani. Ikishindikana, peleka sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, au maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi hadi kumi na tano, ukienda kwa zigizaga. Ruka vichuguu, lilipokuwa zizi na palipochomwa mabua. Changanya kwenye ndoo safi (isiwe ile ya mbolea!), chota nusu kilo, uanike kivulini.

Kuhusu samadi, mzee yuko sahihi kwamba inasaidia: inaupa udongo uhai na inapunguza makali ya alumini. Lakini ili upate nitrojeni iliyomo kwenye mfuko mmoja wa urea, yaani kilo 23, utahitaji kama tani mbili za samadi nzuri kwa ekari. Kama zizi lako halitoi kiasi hicho, tumia samadi shimo kwa shimo pamoja na mbolea ya dukani, siyo badala yake. Mabua yaache shambani. Na kama duka la ruzuku lina mbolea ya CAN, yenye nitrojeni na kalsiamu, ikuzie hiyo: asidi yake ni ndogo kuliko ya urea. SA (salfeti ya amonia) iepuke kabisa, hiyo ndiyo kali kuliko zote.

Anza na robo ekari kama fedha ni ngumu, na upande mbegu ileile tarehe ileile pande zote mbili, penye chokaa na pasipo. Chokaa haiwekwi kila mwaka. Pima tena baada ya misimu mitatu, kwa sababu ukizidisha, zinki ndiyo itakayokwama, na utaona majani machanga yakitoka na michirizi myeupe.