Jibu: Pedi ya PS4 kama mausi kwenye Ubuntu

Mkuu, umeuliza kama pedi ya PS4 (ile ya kuchezea gemu) inaweza kushika nafasi ya mausi iliyokufa kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu. Inaweza, tena vizuri tu. Pakua faili la .deb la AntiMicroX, programu inayogeuza vitufe vya pedi kuwa mausi, kwenye ukurasa wake wa GitHub. Fungua tamino (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda yenye faili hilo, andika:

sudo apt install ./antimicrox*.deb

Chomeka pedi kwa waya, fungua AntiMicroX, bofya kijiti cha kushoto kwenye dirisha lake, uchague mpangilio wa mausi. Kitufe cha X kipe kubofya kushoto, cha duara kulia. Mshale ukiruka kama panzi, punguza kasi. Pedi yangu kuukuu ilikuwa inaukokota mshale pembeni hata sijaigusa; nikapanua eneo la katikati lisilosikia mguso, ukatulia. Ukiwa kwenye Wayland (mfumo unaochora madirisha kwenye skrini) na mshale hausogei, kagua ruhusa ya /dev/uinput, faili ambalo programu hutumia kuigiza mausi. Programu usiifunge, iache chinichini. Ila kuandika barua kwa pedi, utajuta.