Mkono usiache moto: kwa manahodha wapya wa Nungwi

Mdogo wangu, siku ukikabidhiwa boti ya kwanza, akili yako yote itakuwa kwenye usukani. Hata mimi nilianza hivyo. Boti ya faiba ya futi 28 yenye mashine mbili, bahari ikichafuka, inategemea zaidi ule mkono ulioshika moto, yaani wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya mashine. Mzee aliyenifundisha alikuwa akinigonga vidole kila nilipouachia, hata nikitaka kujikuna tu.

Chukua safari yetu ya kila siku, kutoka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwenda kisiwa cha Mnemba msimu wa kusi, upepo wa kusini. Asubuhi ukishaizunguka Ras Nungwi, upepo unao usoni. Maji yanaruka, abiria wanapiga kelele, lakini hiyo ndiyo bahari rahisi. Punguza moto mpaka boti iache kudunda. Shusha pembe ya mashine ili omo, yaani pua ya boti, ikae chini ikate maji. Wimbi usilipokee katikati ya omo, lipokee kidogo upande. Unapopanda, ongeza moto. Ukikaribia kilele, toa, boti iteremke kwa uzito wake. Ukisahau kutoa, utaruka: pangaboi zinatoka majini, mashine zinalia kwa sauti nyembamba, halafu boti nzima inatua kwa kishindo. Kishindo hicho huvunja watu migongo. Kwa hiyo siku hiyo hakai mtu omo, hata yule anayetaka picha. Wewe simama, magoti yalegee.

Mchana mnarudi, upepo uko mgongoni. Boti imetulia, abiria wanacheka, wengine wanasinzia. Hapo ndipo pa kuogopa.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa narudi na wazamiaji wanane. Nikaachia moto, boti ikawa inateleza, nikaona raha. Wimbi moja likatubeba, tukashuka nalo kama gari lililokatika breki, mara omo ikachoma kwenye mgongo wa wimbi la mbele. Maji yakajaa miguuni. Omo imekwama, tezi, yaani nyuma ya boti, bado inasukumwa, basi tezi ikataka kupita mbele. Nikazungusha usukani, hamna kitu. Tukalala ubavu, mitungi ya hewa ikakatika kamba na kubingirika yote upande mmoja. Wimbi lililofuata lilikuwa dogo, ndiyo maana leo nakuandikia. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yaliyoingia botini, ilifanya kazi mpaka tunaingia Nungwi, na hakuna aliyecheka tena.

Kosa lilikuwa mwendo. Ukienda na mawimbi, kaa kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele yako. Likikuacha, ongeza moto; ukiona unakikaribia kilele, toa kidogo. Inua mashine kiasi ili omo iwe nyepesi, abiria warudi nyuma, na wewe ugeuze shingo kila mara utazame kinachokuja. Ila usitoe moto wote kwa ghafla. Mashine hizi zinageuza boti kwa kusukuma maji. Zikiacha kusukuma, usukani unakuwa pambo, na wimbi la nyuma linaingia juu ya tezi.

Kugeuza kunataka subira. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa kadhaa, kisha maji yanapumua. Subiri hapo, geuza mara moja bila kusitasita, usije ukakutwa ubavu uko wazi. Wapo wanaohesabu mpaka saba. Mimi hiyo saba sijawahi kuipata, natazama tu.

Ujue pia mwezi wako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakwenda kwa nguvu, na yakikutana na upepo unaotoka mbele yake, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama kama ukuta. Ndiyo sababu mkondo wa Pemba huchafuka kaskazi ikivuma kwa nguvu: maji yanapanda kaskazini, upepo unashuka kusini. Saa chache baadaye, upepo ule ule, unaweza kukuta bahari nyingine kabisa.

Mafuta nayo. Bahari mbaya inatikisa tangi, uchafu na maji vilivyolala chini vinaamka na kwenda kwenye filta, mashine inazima pale pale usipotaka izime. Beba filta ya akiba na spana yake. Jaketi okozi zivaliwe kabla ya Ras, na ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mwilini mwako. Wengi wanaiacha ikining'inia kama tasbihi.

Na ukisimama ufukweni ukaona mwambani kunavunja meupe mfululizo, mwambie mwenye boti kwamba leo hutoki. Atanuna. Mimi nilishafukuzwa kazi kwa neno hilo, nikaenda nyumbani kula pweza. Wiki ya pili akanipigia simu mwenyewe.