Spesa za Rimu: Unene Gani Unafaa?

SWALI: Bwana Fundi, shikamoo. Ninatumia Toyota Harrier ambayo rimu zake za awali ni za inchi 18, upana inchi 7, zenye chapa ET35 (namba inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani). Nimenunua Gerezani rimu nyingine za inchi 18, upana inchi 8, chapa ET45, lakini tairi za mbele zinagusa shokapu. Muuzaji ananishauri niweke spesa za milimita 25, yaani bamba za duara zinazowekwa kati ya rimu na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), ili gari lipendeze zaidi. Je, nizinunue?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Usizinunue, na tafadhali usiliendeshe gari hilo tairi zikiwa bado zinagusa shokapu.

Upana umeongezeka kwa inchi 1, nusu yake ikienda ndani na nusu nje, yaani milimita 12.7 kila upande. Aidha, namba ya ET inapopanda kutoka 35 hadi 45, rimu nzima huingia ndani kwa milimita 10, kwa hiyo ukingo wako wa ndani umesogea milimita 22.7 kuelekea shokapu. Spesa ya milimita 10 inaurudisha mstari wa kati wa gurudumu mahali pake pa awali, na mara nyingi hilo hutosha. Pima baada ya kuifunga, uhakikishe imebaki nafasi ya milimita 5 hivi. Spesa ya 25 ingekuachia ET20, na ukingo wa nje ungetokeza milimita 27.7 kuliko ule wa zamani, hivyo gari likijaa abiria na kupita kwenye matuta, tairi zingeweza kukwangua fenda, huku usukani ukivutwa kwenye mashimo na beringi za habu zikielemewa.

Tatizo la spesa ya milimita 10 ni stadi, yaani zile skrubu zinazotokeza kwenye habu, kwa sababu unene huo unazipunguzia urefu wa kushika nati. Stadi za Harrier ni za milimita 12, zenye hatua ya uzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.5, na nati inapaswa kushika walau urefu unaolingana na kipenyo hicho, ambao ni mizunguko 8 kamili. Isipofika, fundi abadilishe stadi, aweke ndefu zaidi. Kupanga spesa mbili au kuridhika na mizunguko 4 ni kuhatarisha maisha ya watu.

Chagua spesa yenye tundu la kati la milimita 60.1 linalokaa kwenye habu bila kuchezacheza, na yenye mdomo wa kuipokea rimu. Ikiwa tundu la rimu ni kubwa kuliko mdomo huo, weka pete ya kati ya kuziba nafasi hiyo, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukishika mwendo. Nati nazo zilingane na vikalio vya rimu mpya, yaani mahali nati zinapokaa: rimu nyingi za dukani hutaka nati za koni, wakati nati za awali za Toyota nyingi ni bapa, zenye washa.

Binafsi, muuzaji akikubali kukubadilishia rimu akupe za ET35, ningechukua hizo hata kwa kuongeza fedha kidogo, maana hapo huhitaji spesa kabisa. Akikataa, fuata vipimo nilivyotaja, kaza nati kwa nguvu ya nyutoni mita 103, kisha zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100.