Mama hali chochote baada ya dripu: nilivyorudi kula mimi

Pole sana kwa kuuguza, mleta mada. Umesema mama anatumia dawa za saratani, kila ukimwekea sahani anageuza uso, na wiki hii anaambulia vijiko viwili vitatu tu kwa siku. Mimi nilikuwa upande wa mgonjwa. Nilimaliza mizunguko 6 ya dripu, kwa hiyo nakuambia yale ambayo pengine mama hana nguvu ya kuyasema.

Kilichonimaliza mimi ni harufu. Mume wangu alikuwa akifunua sufuria jikoni, mlango umefungwa, na huku chumbani mate yameshanijaa mdomoni kabla sijajua anapika nini. Sahani ikija inafuka mvuke, naomba beseni. Siku moja alishikwa na simu, uji wa mchele ukapoa hadi ukafanya utando juu. Nikala nusu kikombe! Kumbe chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto. Basi pika mama akiwa mbali na jikoni, fungua madirisha, upoze, ndipo umpelekee. Kinachobaki kiingie kwenye friji mapema, maana dawa hizo hushusha kinga na chakula kilicholala nje kinaweza kumletea balaa jingine.

Halafu achana na sahani. Sahani iliyojaa inamtisha mgonjwa. Mimi nilipewa kikombe kidogo cha kahawa, vijiko vinne vitano, kila baada ya saa 2. Usingoje kichefuchefu kiishe ndipo ale, kwa sababu tumbo tupu linakizidisha. Kando ya mto nilikuwa na biskuti kavu. Natafuna mbili asubuhi kabla sijanyanyua kichwa, nasubiri robo saa, ndiyo naamka.

Vilivyokaa tumboni: uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo, viazi vya kuponda, tosti kavu, ndizi mbivu, yai lililochemshwa likaiva vizuri na kupoa, mtindi. Vya kukaanga na vya pilipili sahau kwanza. Chai nyepesi ya tangawizi ilinituliza, ila kama mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kabla. Nyama kwangu ilikuwa na ladha ya chuma, na kijiko cha plastiki kilisaidia kuliko nilivyotegemea.

Kosa letu kubwa lilikuwa hili: siku ya dripu ya pili nilipikiwa samaki, chakula nilichokuwa nakipenda kuliko vyote, ili nipate hamu. Nilimtapika wote. Matibabu yameisha na samaki bado simgusi. Chakula anachokipenda mama kiweke akiba kwa siku njema.

Maji anywe kati ya mlo na mlo, funda moja moja, maana akinywa mengi wakati wa kula tumbo linajaa upesi. Akitapika sana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visizidi. Akishika kidogo, fanya vijiko vyake vichache viwe na kitu: koroga maziwa ya unga kwenye uji, au siagi laini ya karanga, au mpondee parachichi. Akimaliza akae wima, asilale papo hapo.

Dawa ya kutapika nilikuwa naimeza nikishaanza kutapika, hadi nesi akaniambia niinywe nusu saa kabla ya kula. Muulize wa kwenu kuhusu dawa ya mama. Na akipata homa ya nyuzi 38, akitapika damu, mkojo ukiwa mchache na mweusi, au maji yenyewe yakikataa kukaa siku nzima, acha mambo ya uji, mpeleke hospitali mara moja.

Lingine dogo. Mume wangu alikuwa akisimama kando ya kitanda, "jitahidi mke wangu, kimoja tu," na kila akisema hivyo koo linafunga. Alipoanza kuacha kikombe mezani na kutoka zake nje, nilikuwa nakikuta kimeisha kabla yeye hajarudi.