Mpiganaji, mpiga stori na mkimya kwenye meza moja

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje na kundi lako la mchezo wa kuigiza wahusika hapo Sinza, ule ambao wewe unasimulia hadithi, wenzako wanaigiza wahusika na dadu zinaamua matokeo: mmoja anataka mapigano tu, mwingine anapiga stori na kila mhusika unayemtaja, wa tatu yuko kimya mwanzo mpaka mwisho.

Usimfukuze mtu. Hizo ni ladha tofauti, si utovu wa nidhamu. Richard Bartle, mbunifu wa michezo ya kompyuta wa Uingereza, aliandika mwaka 1996 kuhusu aina nne za wachezaji: wanaosaka mafanikio, wapelelezi wa dunia ya mchezo, wapenda maongezi na wanaopenda kuwabana wenzao. Yeye alizungumzia michezo ya kompyuta, kwa hiyo usiwabandike watu wako majina hayo.

Tunga tukio linalomgusa kila mtu. Tuseme jini amejificha kwenye ghala Kariakoo. Muuza kahawa anaujua mlango wa nyuma, ila hasemi mpaka abembelezwe. Mpiga stori kapata kazi. Kahawa haijapoa, walinzi wa jini wanaibuka uchochoroni, na mpiganaji anarusha dadu zake.

Huyo mkimya ndiye ninayemfikiria zaidi. Wapo wanaofurahia kutazama, na wana haki hiyo. Usimbane mbele ya wote. Muulize pembeni, mkisubiri daladala, nini kilimvutia. Kisha mpe siri ambayo mhusika wake pekee anaijua, labda jina la jini, na umwachie aamue lini aitoe.

Anayewakatisha wenzake kila wakiongea ni suala jingine kabisa. Huyo mwambie waziwazi kabla hamjaanza kucheza.