Mganga wa mvua anapogeuka

SWALI: Igizo letu la dakika 40 linamhusu mganga wa mvua mwenye busara anayeharibiwa na wivu na uchu wa madaraka. Akigeuka tu, watazamaji wanacheka. Tunakosea wapi? Msomaji, Chamwino

JIBU: Mnamgeuza ghafla mno. Mpeni dakika 15 za mwanzo awe mwema kweli, na ushauri wake usaidie watu. Bila hayo hana cha kupoteza. Kisha Desemba ipite kavu, mtama unyauke, na mtemi amuulize kwanza kijana ambaye mzee mwenyewe alimfundisha. Mzee asiseme neno. Vidole tu vikaze shingo ya kibuyu.

Kosa la kwanza liwe dogo, lenye kisingizio kizuri: achukue jiwe moja la mvua, la tambiko la kuomba mvua, "lisipotee". Ugogo mawe hayo yalitunzwa na mtemi, kwa hiyo watu wenu watashtuka bila kuelezwa. La pili limuumize mtu. La tatu alitende akijua.

Kicheko cha kishetani na joho jeusi viondoeni kabisa, ndivyo vinavyochekesha. Sauti ibaki ile ile ya upole hadi mwisho. Zeze lililomsindikiza tangu mwanzo likatike pale anapolificha jiwe, na lisirudi tena.