Kabla ya Nembo ya TBS, Nunua Daftari

Mwaka wa pili wa biashara yangu ya sabuni za kuogea, mteja mmoja wa Tabata alinipigia simu usiku. Mwanawe ametoka vipele mwili mzima. "Dada, hii sabuni yako umeweka nini humu?" Nikabaki na simu sikioni. Wiki ile nilikoroga mara tatu, na vipande vyote vilifanana, vimefungwa karatasi ileile. Ikabidi nipite madukani kukusanya vyote, vizima na vibovu. Vipande 240.

Kosa nililigundua baadaye. Mafuta ya mise (kiini cha mbegu ya mchikichi) yalipanda bei, nikatumia mawese, na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nikaacha kipimo kilekile. Kilo moja ya mise inakula kostiki gramu 175 hivi. Kilo ya mawese inatosheka na 141. Zile zinazozidi zinakosa mafuta ya kuungana nayo, zinabaki ndani ya sabuni zikisubiri ngozi ya mtu. Ukigusisha ncha ya ulimi, inachoma kama betri.

Hadi hapo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nilikuwa nawakwepa kama mgambo wa jiji. Nilidhani ni mambo ya viwanda vikubwa. Kumbe nilipoanza kufuatilia nembo yao ya ubora, maswali yao yalikuwa yaleyale yaliyonishinda kwa yule mama: umetumia nini, kiasi gani, siku gani, na kipande hiki ni cha bachi (mkorogo) ipi?

Kwa hiyo mwenzangu unayeanza, daftari kwanza. Kila mkorogo uwe na namba yake, tarehe, uzito wa kila kitu kwa gramu (siyo vikombe, tafadhali), na duka uliponunua mafuta. Namba hiyohiyo iende kwenye lebo, pamoja na jina na anwani yako, viambato, uzito, tarehe ya kutengeneza na ya kuisha muda.

Kisha nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako. Barua yao ya utambulisho ndiyo inayomwezesha mjasiriamali mdogo kuhudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka 3 ya mwanzo. Watu wengi wanachoma hela kwa madalali kwa sababu ya kutojua hili tu. Na usibebe ushauri wa zamani wa "nenda TFDA" (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa): tangu Julai 2019 vipodozi na chakula vipo TBS. Barkodi nayo ni ya kuuzia dukani, haisemi lolote kuhusu ubora, hata kama muuza vifungashio atakuapia.

Wakaguzi watakuja unapotengenezea. Jiko la familia ndilo lililonisumbua kuliko karatasi zote. Nilihamishia kazi chumba cha uani, nikapiga rangi, nikaweka dari. Hiyo ndiyo gharama halisi, wala sitakuficha, iliniuma.

Jambo moja zaidi, hasa kwa wenye sabuni za mwarobaini na mlonge: ukiandika "inatibu fangasi" kwenye lebo, umeshaiita sabuni yako dawa, na dawa ni habari za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mimi nilifuta neno hilo kwenye lebo 500 kwa kalamu nyeusi.

Siku hizi kila bachi naitolea kipande kimoja, nakihifadhi na namba yake kwenye boksi chini ya kitanda. Baba watoto analalamika chumba kinanuka mchaichai.